Namba Ikipewa Kiti cha Hakimu

Mfalme Sulemani alipokuwa akilipamba hekalu la Yerusalemu, alimleta fundi wa shaba kutoka Tiro, jina lake Hiramu, mwana wa mjane. Kati ya vyombo vyote alivyovisubu Hiramu, kilichowasumbua wasomaji kwa karne nyingi ni birika la mviringo lililokaa juu ya sanamu za ng'ombe 12, ambamo makuhani walinawa kabla ya ibada. Kitabu cha Wafalme wa Kwanza, sura ya 7 aya ya 23, kinatupa vipimo vyake: mikono 10 kutoka ukingo hadi ukingo, mikono 5 kwenda juu, na kamba ya mikono 30 kulizunguka. Mambo ya Nyakati wa Pili 4:2 inarudia vipimo hivyo hivyo.

Gawa 30 kwa 10, utapata 3. Lakini mzingo wa duara lolote ukigawanywa kwa kipenyo chake hutoa 3.14159 na tarakimu nyingine zisizo na mwisho, namba tunayoiita pai. Birika la kipenyo cha mikono 10 linahitaji kamba ya mikono 31 na karibu nusu. Ukichukua mkono mmoja kuwa sentimita 45 hivi, kamba ya maandiko imepungua kwa zaidi ya nusu mita. Kwa mafundi wa zama hizo upungufu huo haukuwa kioja, kwa kuwa Wababeli nao walitumia 3 kwa kazi za kawaida, ingawa walijua pia 3 na thumuni. Kioja kilikuja baadaye, pale wasomaji walioamini kwamba kila herufi ya kitabu imewekwa kwa makusudi walipokutana na wanajiometri wa Kigiriki. Archimedes alikwisha kuthibitisha, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, kwamba pai imebanwa kati ya 3 na 10/71 na 3 na 1/7. Tatu kamili haikuwa na pa kujificha.

Marabi walilikabili jambo hilo bila woga. Kipo kitabu cha kale cha jiometri kwa Kiebrania, Mishnat ha-Middot, ambacho wengi hukinasibisha na Rabi Nehemia wa karne ya 2. Mwandishi wake anaitumia 3 na 1/7, kisha anaieleza aya kwa jicho la fundi: mikono 10 imepimwa kutoka nje hadi nje, ilhali mikono 30 ni mzingo wa ndani, na unene wa ukuta wa birika, ambao aya ya 26 inasema ulikuwa kiganja kimoja, ndio uliopoteza tofauti. Ukikokotoa, kiganja kikiwa sudusi ya mkono, unapata mzingo wa ndani wa mikono 30 na zaidi kidogo ya theluthi. Haikukaa sawasawa, lakini imekaribia, na hakuna herufi iliyoguswa.

Jibu lililokwenda mbali zaidi lilitoka Misri. Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138, aliandika kwa Kiarabu ufafanuzi wake wa Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi, na kuukamilisha mwaka 1168. Katika mlango wa Eruvin alieleza kwamba uwiano wa mzingo na kipenyo haujulikani na hautajulikana kamwe kwa ukamilifu, na kwamba sababu si uchache wa elimu yetu, ni tabia ya uwiano wenyewe. Kila anayeutaja hutaja makadirio, akasema, kwa hiyo wahenga walichagua namba nzima iliyo karibu. Ilipita miaka karibu 600 kabla ya Johann Lambert kuthibitisha, katika miaka ya 1760, kwamba pai haiwezi kuandikwa kama namba nzima moja juu ya nyingine.

Ilipaswa hadithi iishie hapo. Haikuisha, kwa sababu kuna watu ambao makadirio hayawatoshi. Wanataka aya ijue zaidi ya ilivyosema.

Njia waliyoipita ni ya herufi. Kiebrania, Kigiriki na Kiarabu zote ziliwahi kuandika namba kwa herufi: alifu ni 1, bee ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, hadi 10, kisha makumi, kisha mamia. Neno lolote kwa hiyo lina jumla yake. Katika aya ya birika, neno la Kiebrania la kamba limeandikwa kwa herufi tatu, lakini mapokeo ya wasomaji yanaagiza lisomwe kana kwamba lina mbili. Kwa herufi tatu jumla yake ni 111. Kwa mbili ni 106. Gawa 111 kwa 106, zidisha kwa 3, utapata 3.14151. Kwa birika la mikono 10, kosa lililobaki ni chini ya nusu milimita.

Ni hesabu ya kupendeza, na hutolewa mara nyingi kwa jina la Gaoni wa Vilna, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka 1797. Katika maandishi yake, hata hivyo, haimo. Ilienea kupitia machapisho ya karne ya 20. Tena maandishi hayo hayo ya herufi tatu yanayosomwa kwa mbili yamo katika Yeremia 31:39 na Zekaria 1:16, ambako kamba inapima mji na hakuna duara lolote. Na zama za wafalme wa Yuda, maandishi yaliyochimbuliwa yanaonyesha kwamba namba ziliandikwa kwa alama zilizoazimwa Misri. Ushahidi wa herufi za Kiebrania kutumika kama namba unaonekana baadaye sana, kwenye sarafu za watawala wa Kihasmonea. Mwandishi wa Wafalme angekuwa anaficha siri kwa ufunguo ambao haujachongwa.

Mchezo wa herufi wenyewe, hata hivyo, ni wa zamani na haukuwa wa Wayahudi peke yao. Sargon wa Pili, mfalme wa Ashuru katika karne ya 8 kabla ya Kristo, aliandika kwamba ukuta wa mji wake mpya una mikono 16,283, sawa na hesabu ya jina lake. Huko Pompeii mtu alichora ukutani kwamba anampenda mwanamke ambaye namba yake ni 545. Mwaka 79 majivu ya Vesuvius yakaufunika ukuta, na jina la mpenzi huyo limepotea nalo, kwa sababu kutoka jina kwenda namba ni rahisi, lakini kutoka namba kurudi kwenye jina kuna njia mia. Ufunuo wa Yohana 13:18 ulimtia kila mtu katika njia hizo kwa namba 666. Neron Kaisari, likiandikwa kwa Kiebrania, linatoa 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200, jumla 666. Dondosha nuni ya mwisho wa Neron, kama jina linavyotamkwa kwa Kilatini, upate 616, na kweli zipo nakala za kale zenye 616. Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliitetea 666 kwa bidii, lakini akaonya kwamba majina mengi yanaweza kutoa namba hiyo, hivyo ni hatari kumtangaza mtu.

Onyo hilo halikumfikia Michael Stifel. Alikuwa mtawa wa Kijerumani aliyemfuata Luther, mwenye kipaji cha hesabu ambacho hakijawahi kutiliwa shaka. Alichukua jina la Papa Leo wa Kumi kwa Kilatini, LEO DECIMVS, akatoa herufi zilizo namba za Kirumi: L, D, C, I, M, V. Jumla yake ni 1,656. Imezidi. Basi akaiondoa M, yaani 1,000, akisema inasimama badala ya neno fumbo, akabaki na 656. Imepungua. Akaongeza X, kwa kuwa Leo ni wa Kumi. Sasa ilikuwa 666. Mwaka 1532 alichapa kijitabu chake, kisha akatangaza kwamba dunia itakwisha tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Waumini walimiminika kwenye parokia yake ya Lochau. Saa ilifika, ikapita, na mchungaji akatiwa mbaroni. Luther aliingilia kati, akamwombea msamaha na baadaye akapatiwa parokia nyingine. Huko Stifel aligeukia hesabu zisizo na unabii, na mwaka 1544 akatoa Arithmetica Integra, moja ya vitabu bora vya aljebra vya karne hiyo. Akili ile ile iliyoitupa 1,000 na kuiokota 10 ili kumpata mpinga Kristo ilikuwa kali ajabu mara tu hakuna jibu lililokuwa likingojewa mwishoni mwa ukurasa.

John Napier wa Merchiston, karibu na Edinburgh, alichukua njia hiyo hiyo kwa adabu zaidi. Mwaka 1593 alichapisha ufafanuzi wa Ufunuo uliopangwa kama kitabu cha Euclid, hoja juu ya hoja, akahitimisha kwamba mwisho wa dunia utaangukia kati ya 1688 na 1700. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani, na kwa miaka mingi ndicho kilichomfanya ajulikane nje ya Uskoti. Majedwali yake ya logarithimu yalikuja baadaye, mwaka 1614. Ndani yake ilijificha namba ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta: 2.71828 na kuendelea. Mwaka 1683 Jacob Bernoulli aliikaribia alipouliza deni litakua kiasi gani riba ikiongezwa mfululizo bila kukoma. Euler, katika karne ya 18, akaipa herufi e. Napier alihangaika miaka kwa miaka kusaka siri katika Ufunuo, na siri ya kweli ilikuwa imelala katika safu za tarakimu alizozitengeneza ili kuwapunguzia mabaharia na wanajimu kazi ya kuzidisha.

Karne ya 19 ikaihamishia pai kwenye mawe. Mwaka 1859 John Taylor, mchapishaji vitabu wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Misri, alitangaza kwamba mzingo wa msingi wa Piramidi Kuu ukigawanywa kwa kimo chake mara mbili hutoa pai, na kwamba elimu hiyo haikuweza kutoka kwa wapagani ila kwa ufunuo wa Mungu. Isaya 19:19, aya inayotaja madhabahu katikati ya nchi ya Misri, ilichukuliwa kuwa ushahidi. Charles Piazzi Smyth, mnajimu wa kifalme wa Uskoti, alilibeba dai hilo, akaenda Giza mwaka 1865 kupima, akatumia kipimo alichokiita inchi ya piramidi na kusoma urefu wa njia za ndani kama miaka ya historia ya Biblia. Mmoja wa wafuasi wake alikuwa na mtoto, Flinders Petrie, ambaye mwaka 1880 alikwenda mwenyewe na vyombo bora zaidi. Vipimo vyake vilionyesha kwamba msingi ni mfupi kuliko nadharia ilivyotaka. Pai ya piramidi ina asili nyepesi: Wamisri walipima mteremko kwa viganja, na ukuta huu unaingia ndani viganja 5 na nusu kwa kila viganja 7 vya kwenda juu. Mteremko huo peke yake unazaa 22/7, bila mtu kuwaza duara. Petrie alisimulia pia kwamba alimkuta mmoja wa waamini wa nadharia akijaribu kuisugua kwa tupa nundu ya jiwe katika chumba cha mbele, ili ipungue hadi kipimo kinachohitajika.

Mtu yule na tupa yake ndiye ufunguo wa yote yaliyofuata, kwa kuwa waliomfuata walifanya kama yeye juu ya karatasi. Ivan Panin alizaliwa Urusi mwaka 1855, akaondoka kwa sababu za kisiasa, akahitimu Harvard mwaka 1882. Miaka minane baadaye, akisoma mwanzo wa Injili ya Yohana kwa Kigiriki, alianza kuona saba kila mahali. Aya ya kwanza ya Mwanzo kwa Kiebrania ina maneno 7 na herufi 28. Jumla ya herufi zake ni 2,701, yaani 37 mara 73, namba ambazo tarakimu zake zimegeuziana mgongo. Panin alitumia maisha yake yote yaliyobaki katika kazi hiyo, hadi alipofariki Kanada mwaka 1942. Lakini Agano Jipya la Kigiriki limetufikia kwa nakala za mkono zaidi ya 5,000, na zinatofautiana: hapa neno limezidi, pale limepungua. Panin alifanya nini? Aliiacha saba iamue. Penye maneno mawili yanayoshindania nafasi, aliteua lile linalotimiza mpangilio, na mwaka 1934 akachapisha maandiko ya Kigiriki yaliyosahihishwa kwa namba. Kisha maandiko hayo yakatolewa kama ushahidi wa mpangilio.

Uislamu una historia yake ya herufi, na hapa pwani yetu haiko nje. Anayeandika 786 juu ya barua anaandika jumla ya Bismillahi kwa abjadi, yaani kwa thamani za herufi za Kiarabu. Mnajimu wa falaki hujumlisha jina la mtu na la mama yake, akagawa kwa 12, na salio likamwonyesha nyota. Washairi wa Kiajemi na Kiarabu walificha tarehe za misiba na ujenzi ndani ya mishororo. Yote haya ni matumizi ya namba. Hayakudai kuipima Kurani. Aliyedai ni Rashad Khalifa, Mmisri mwenye shahada ya biokemia aliyehamia Marekani. Tangu mwaka 1968 aliiingiza Kurani katika kompyuta, na mwaka 1974 akatangaza kwamba aya ya 30 ya sura ya 74, inayotaja kumi na tisa, ni ufunguo wa kitabu chote. Bismillahi ina herufi 19, sura ni 114, ambazo ni 19 mara 6. Habari hizo zilipokewa kwa furaha. Ahmed Deedat wa Durban, ambaye kanda zake zilisikilizwa sana Kenya na Tanzania, aliandika kijitabu cha kuzinadi.

Kisha hesabu ikagoma. Khalifa alihitaji jina la Mwenyezi Mungu litokee mara 2,698, yaani 19 mara 142, na hesabu yake haikulingana hadi aya mbili za mwisho za sura ya 9 zilipoondolewa. Akaziondoa. Alitangaza kwamba aya ya 128 na 129 zimepachikwa na watu, akajiita mjumbe, na akakokotoa kwamba dunia itakwisha mwaka 2280. Waislamu walio wengi walimkataa, na wengi waliokuwa wakimsifu walijitenga naye. Tarehe 31 Januari 1990 aliuawa ndani ya msikiti wake huko Tucson, Arizona. Mtu aliyeanza kwa kutaka kuonyesha kwamba hakuna herufi iliyopotea katika kitabu alimalizia kwa kukikata kitabu ili namba itimie.

Miaka minne baadaye jarida la Statistical Science lilichapisha makala ya Doron Witztum, Eliyahu Rips na Yoav Rosenberg. Walichukua kitabu cha Mwanzo kwa Kiebrania, wakaruka herufi kwa hatua sawa, na wakadai kwamba majina ya marabi 32 mashuhuri yanajitokeza karibu mno na tarehe zao. Mwandishi wa habari Michael Drosnin akaligeuza dai hilo kuwa kitabu kilichouzwa sana mwaka 1997, akisema mauaji ya Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, yalikuwa yameandikwa humo. Akawaambia wapinzani wake kwamba ataamini wamemshinda wakipata mauaji ya waziri mkuu ndani ya Moby Dick. Brendan McKay, mwanahisabati wa Australia, alifungua riwaya hiyo ya nyangumi na kutoa mauaji mengi ya viongozi. Mwaka 1999, pamoja na Dror Bar-Natan, Maya Bar-Hillel na Gil Kalai, alionyesha mahali siri ilipo: rabi mmoja ana majina na lakabu nyingi, tarehe inaandikwa kwa namna kadhaa, na uchaguzi wa lipi liingie kwenye orodha unatosha kuzalisha muujiza. Kwa orodha iliyorekebishwa kidogo, matokeo ya namna hiyo yalipatikana katika tafsiri ya Kiebrania ya Vita na Amani ya Tolstoy.

Dai la karibuni ndilo zuri kuliko yote, na linastahili kupimwa kwa kalamu. Linachukua Mwanzo 1:1 na kusema: zidisha pamoja thamani za herufi zote, kisha zidisha zao hilo kwa idadi ya herufi, 28. Hilo liwe juu. Chini, zidisha thamani za maneno yote saba, yaani 913, 203, 86, 401, 395, 407 na 296, kisha zidisha kwa 7. Gawa. Jibu ni 3.14155 likifuatiwa na tarakimu za kutosha kulifikisha kwenye 10 kwa kipeo cha 17. Tupa ukubwa huo, na pai imesimama mbele yako, kosa likiwa takriban 0.0012 kwa mia. Kanuni hiyo hiyo ikipelekwa kwenye Yohana 1:1 kwa Kigiriki, yenye maneno 17 na herufi 52, inatoa 2.71831 ukiisha kuondoa 10 kwa kipeo cha 40. Hiyo ni e. Aya mbili zinazoanza kwa neno mwanzo, kanuni moja, namba mbili zilizo maarufu kuliko zote katika hisabati. Nimeikokotoa mwenyewe, na hesabu ni sahihi.

Sasa rudi kwenye herufi 52. Ukizihesabu kwenye ukurasa wa Kigiriki utapata 51. Ya 52 ni iota ndogo inayoandikwa chini ya herufi ya mwisho katika neno la pili, ambayo kanuni imeihesabu kama herufi kamili yenye thamani ya 10. Katika nakala nyingi za kale iota ya namna hiyo haikuandikwa kabisa. Iondoe, rudia hesabu, na jibu linakuwa 2.7036. Namba ya Euler imetoweka. Isitoshe, wanakili wa kwanza wa Kikristo walilifupisha neno Mungu kwa herufi mbili na mstari juu yake, nalo limo mara mbili katika aya hiyo. Kanuni inafanya kazi kwa tahajia ya kitabu kilichochapwa tu, tena iota ikihesabiwa.

Kuhusu Mwanzo 1:1 herufi zenyewe hazina shida. Shida ni idadi ya milango iliyogongwa. Chukua vipimo kumi vya aya: idadi ya maneno, idadi ya herufi, jumla, zao la maneno, zao la herufi, thamani ya neno la kwanza, la kati na la mwisho, herufi ya kwanza na ya mwisho. Kila kimoja unaweza kukiweka juu ya mstari wa kugawanya, chini yake, au kukiacha nje. Hizo ni kanuni 59,049. Uwe tayari kushangilia namba yoyote kati ya tano: pai, e, uwiano wa dhahabu, kipeuo cha pili cha 2, au kasi ya mwanga. Sasa una majaribio 295,245 kwa aya moja tu. Ukiruhusiwa kutupa sifuri, uwezekano wa jaribio moja kuangukia namba fulani kwa kosa la 0.0012 kwa mia ni takriban moja katika laki moja. Kwa hiyo utarajie kama miujiza mitatu katika kila aya, iwe ya Musa, ya mshairi, au ya notisi ya mnada. Wahenga walisema mtafuta hachoki, akichoka keshapata. Mtafuta namba hapati kuchoka, kwa kuwa majaribio yaliyoshindwa hayaandikwi popote.

Na kilichopatikana, kikipimwa kama elimu, ni kidogo. Katika karne ya 5 Zu Chongzhi wa China aliibana pai kati ya 3.1415926 na 3.1415927. Mwaka 1424, huko Samarkand, al-Kashi aliifikisha kwenye tarakimu 16. Walifanya hivyo hadharani, kwa njia ambayo mtu yeyote angeweza kuirudia na kuiendeleza, na kila hatua iliongeza tarakimu. Kanuni ya Mwanzo inaishia baada ya nne na haina hatua ya pili. Huwezi kuiuliza tarakimu inayofuata.

Asiyeamini hana cha kupoteza katika haya yote. Anacheka, anaendelea na shughuli zake. Anayepoteza ni muumini, na historia imeonyesha anachopoteza: Stifel parokia yake, Panin uhuru wa kuisoma nakala kama ilivyoandikwa, Khalifa aya mbili za kitabu alichokusudia kukilinda. Kila mmoja alianza kwa kuitaka namba isimame kama shahidi wa maandiko, na kila mmoja alijikuta ameipandisha kiti cha hakimu, maandiko yakiwa mshtakiwa. Anayekuja leo na muujiza mpya anadaiwa majibu kabla ya makofi: ni nakala ipi aliyoihesabu, kanuni aliichagua kabla au baada ya kuona jibu, na ni kanuni ngapi alizijaribu akazitupa. Akishindwa kujibu, imani aliyoiegemeza hapo imetundikwa kwenye iota moja, ambayo mwandishi wa nakala ya kale huenda hakuiandika.